Kisu cha Kijapani cha chuma cha karboni: kinakata kama wembe, lakini kinapata kutu kwa dakika chache

Katika video za mapishi zinazopita katika simu, kisu cha Kijapani kinaonekana kikikata nyanya nyembamba kama karatasi, bila mpishi kukisukuma. Kile ambacho video nyingi hazionyeshi ni mambo yanayofuata: mpishi anapangusa kisu, anakikausha, na jioni anakaa na jiwe la kunolea. Asipofanya hivyo, kisu kilekile kinaanza kuwa na madoa ya kutu kabla chakula hakijaiva.

Njo maana kuko watu wawili wanaozungumza juu ya kisu hicho kwa namna tofauti kabisa. Mmoja anasema hawezi kurudi kwa kisu kingine. Mwingine anasema alidanganywa, alilipa zaidi ya dola 100 kwa chuma kinachooza. Wote wawili wanaweza kuwa na kisu cha namna moja, na wote wanasema kweli. Makali yale na kutu ile vinatoka mahali pamoja: ndani ya chuma chenyewe.

Makala hii inaeleza kisu hicho ni kitu gani, kinafanywa namna gani, kwa nini kinapata kutu, na mtu anayekitaka ajue nini mbele ya kutoa feza yake. Sehemu kubwa ya maelezo haya inafaa pia kwa visu vinavyofuliwa na mafundi wa huku kwa chuma cha resori ya gari, kwa sababu navyo ni ndugu wa kile cha Japani.

Gyuto, kisu kilichokuja na nyama ya ng'ombe

Kisu kinachotajwa sana kinaitwa gyuto. Kwa Kijapani "gyu" ni ng'ombe na "to" ni upanga au kisu. Ni kisu kirefu, chenye ncha, kinachokata nyama, samaki na mboga. Urefu wake wa kawaida ni milimita 210 au 240. Makali yake yamenolewa pande mbili, kama kisu cha mpishi wa Ulaya.

Jina hilo liko na historia. Mwaka wa 675 mfalme Tenmu wa Japani alikataza kula nyama ya ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku. Katazo lile halikufuatwa sawasawa na kila mtu, lakini kwa karne nyingi jikoni la Kijapani lilisimama zaidi juu ya samaki, mchele na mboga. Visu vyao vilifuata kazi hiyo. Yanagiba, mrefu na mwembamba, ni wa kukata samaki mbichi. Deba, mzito, ni wa kupasua samaki na kumtoa kichwa. Nakiri, wenye umbo la mstatili, ni wa mboga.

Mambo yaligeuka wakati wa mfalme Meiji. Mwaka wa 1872 habari ilienea kwamba mfalme mwenyewe alikula nyama ya ng'ombe, na Japani ikaanza kufungua milango kwa chakula cha watu wa Magharibi. Miaka minne nyuma, mwaka wa 1876, serikali ikakataza watu kutembea na panga kiunoni, isipokuwa maofisa wachache na jeshi. Wafuaji wa panga wakabaki bila soko. Wengi wakageukia visu vya jikoni, makasi na vyombo vya shamba. Gyuto ikazaliwa katika mabadiliko hayo: umbo la kisu cha Ulaya, lakini mkono na chuma cha mfuaji wa Japani.

Kuko pia santoku, kifupi zaidi, karibu milimita 165 mpaka 180. Kilienea katika nyumba kisha vita ya pili ya dunia. Jina lake linamaanisha "faida tatu", kwa kawaida inaelezwa kuwa nyama, samaki na mboga. Katika nyumba nyingi za Japani leo, kisu kilichoko ni santoku ya inoksi. Chuma cha karboni kimebaki zaidi kwa wapishi wa kazi na kwa wale wanaopenda kunoa wenyewe.

Karboni inafanya nini ndani ya chuma

Chuma safi ni laini. Kinapinda na hakishiki makali. Ukikichanganya na karboni kidogo, kitu kilekile kilicho ndani ya makala ya kupikia, kinakuwa kigumu. Chuma cha kisu cha Kijapani mara nyingi kiko na karboni karibu asilimia 1. Inaonekana kidogo, lakini njo inayobadilisha kila kitu.

Mfuaji anapasha kisu moto mpaka karibu digri 800, kinakuwa chekundu chenye kung'aa. Hapo karboni inasambaa ndani ya chuma. Kisha anakitumbukiza katika maji au mafuta kwa mara moja. Ubaridi wa haraka unaifungia karboni mahali pasipo pake, na chuma kinakaza. Lakini saa hiyo kiko kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Kwa hiyo anakirudisha tena kwa moto mdogo, kati ya digri 150 na 200, ili kilegee kidogo tu. Hapo kisu kinakuwa kigumu bila kuvunjika ovyo.

Ugumu wa visu unapimwa kwa kipimo kinachoitwa Rockwell C. Visu vingi vya jikoni vya Ujerumani viko kati ya 56 na 58. Vya Kijapani vya karboni viko mara nyingi kati ya 60 na 64. Chuma kigumu namna hiyo kinaweza kunolewa kwa pembe nyembamba sana, karibu digri 15 kila upande au chini yake, bila makali kujikunja. Visu vya zamani vya Ulaya vinanolewa karibu digri 20. Tofauti ya digri tano inaonekana ndogo katika karatasi, lakini mkono unaisikia mara moja kwenye kitunguu cha kwanza.

Iko na malipo yake. Kisu laini kikigonga mfupa, makali yanajikunja na yanaweza kunyooshwa. Kisu kigumu kikigonga mfupa, makali yanapasuka na kuacha pengo, na pengo halinyooshwi. Inabidi chuma chote kilicho kando yake kisuguliwe mpaka pengo liishe.

Karatasi nyeupe na karatasi ya buluu

Anayetafuta kisu hiki atakutana na majina mawili: Shirogami, ni kusema karatasi nyeupe, na Aogami, karatasi ya buluu. Chuma chenyewe si cheupe wala buluu. Rangi ni ya karatasi ambayo kiwanda kilikuwa kinafungia vipande vya chuma ili visichanganyikane. Chuma hicho kinatoka katika muji wa Yasugi, mkoa wa Shimane, katika kampuni iliyojulikana kwa jina la Hitachi Metals, na ambayo tangu 2023 inaitwa Proterial.

Nyeupe ni chuma na karboni, na vitu vingine kidogo sana. Nyeupe namba 2 iko na karboni kati ya asilimia 1.05 na 1.15. Inanoleka kwa urahisi na inapata makali makali sana, lakini yanaisha mapema na kutu inaingia upesi. Buluu namba 2 iko na karboni ileile, pamoja na kromu kidogo na wolframu kati ya asilimia 1 na 1.5. Makali yake yanakaa siku nyingi zaidi, lakini kuinoa kunaomba muda zaidi.

Wakaaji wa Kivu wanalijua jina hilo la wolframu. Ni moja ya madini yanayochimbwa katika milima ya huku, pamoja na kasiterite na koltani. Kazi yake ndani ya kisu ni kushikana na karboni na kufanya punje ndogo ngumu sana, zinazozuia makali kulika. Kiasi chake ni kidogo: kwa kisu cha gramu 180, hata kama chuma chote kingekuwa cha buluu, wolframu haifiki gramu 3.

Jambo lingine linalochanganya watu ni hadithi ya panga za samurai. Wauzaji wengi wanasema kisu chao kimefanywa kwa chuma cha panga. Chuma cha kweli cha panga kinaitwa tamahagane. Kinatolewa katika mchanga wa chuma na makala ya miti, ndani ya tanuru la udongo, katika mkoa huohuo wa Shimane. Kinapatikana kidogo, na sehemu kubwa inakwenda kwa wafuaji wa panga wenye ruhusa. Kisu cha jikoni cha bei ya kawaida hakifanywi kwa tamahagane. Muuzaji akisema hivyo kwa kisu cha dola 60, amesema uongo.

Sakai: kisu kimoja, mafundi watatu

Muji unaojulikana sana kwa visu vya wapishi wa kazi ni Sakai, karibu na Osaka. Ureno ilipoleta bunduki na tumbaku Japani katika karne ya 16, mafundi wa Sakai walifanya vyote viwili: bunduki, na visu vya kukatia majani ya tumbaku. Visu vile vya tumbaku vilikuwa vizuri mpaka utawala wa wakati ule ukavipa muhuri wake. Miji mingine yenye jina ni Seki katika mkoa wa Gifu, Sanjo katika mkoa wa Niigata, na Echizen katika mkoa wa Fukui.

Huko Sakai kazi imegawanywa. Fundi wa kwanza anafua: anaunganisha chuma kigumu na chuma laini katika moto, anakipiga nyundo, anakitumbukiza katika maji. Wa pili ni wa kunoa: anapokea kipande cheusi kilichopinda kidogo, anakinyoosha na kukisugua kwa mawe mpaka makali yatoke. Wa tatu anatia mpini, mara nyingi wa mti mwepesi unaoitwa ho, wenye pete ya pembe ya nyati shingoni. Mtu anaweza kufanya moja ya kazi hizo kwa miaka 40 bila kugusa nyingine. Jina linaloandikwa juu ya kisu mara nyingi ni la mfanyabiashara aliyewaunganisha, wala si la aliyefua.

Kule kuunganisha vyuma viwili kunaeleza kitu kingine. Katika visu vingi, chuma kigumu kiko katikati tu, pale penye makali. Pande zote mbili zimevalishwa chuma laini, ambacho kinabeba mapigo ya kazi na kuzuia kisu kuvunjika. Kisu kikivalishwa chuma cha kawaida, chote kinapata kutu. Kikivalishwa inoksi, ni mstari wa makali tu unaobaki wazi kwa kutu. Kwa mtu anayeanza, hicho cha pili ni chaguo la akili.

Michoro kama mawimbi ya maji inayoonekana juu ya visu vingine inatoka katika tabaka nyingi za chuma cha pembeni. Ni mapambo; makali hayaongezeki ju ya michoro hiyo. Kuko pia visu vya bei ndogo ambavyo mawimbi yake yamechorwa juu kwa mashine tu. Ukisugua kidogo, mchoro unafutika.

Ufundi huu uko katika shida yake huko Japani. Wafuaji wengi wamezeeka, na kijana anaomba miaka mingi ya kujifunza mbele mkono wake ukubaliwe. Wakati huohuo watu wa nchi za nje wanazidi kuvitaka visu hivyo. Njo maana kisu cha fundi mwenye jina kinaweza kungojewa miezi.

Kwa nini kinapata kutu

Inoksi iko na kromu angalau asilimia 10.5. Kromu hiyo inakutana na hewa na kufanya ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, inayofunika chuma chote. Ukiikwaruza, inajifunga yenyewe. Chuma cha karboni hakina ngozi hiyo. Maji, chumvi na hewa vinafika moja kwa moja kwa chuma. Chakula chenye uchachu, kama ndimu, nyanya na nanasi, kinaharakisha mambo. Makemba mabichi nayo yanaacha weusi, kwa sababu ya utomvu wake.

Lakini rangi mbili zinapaswa kutofautishwa. Rangi ya kijivu, ya buluu au nyeusi inayotokea kidogo kidogo baada ya kukata nyama na vitunguu haiko mbaya. Ni ngozi ambayo kisu kinajifanyia, na inapunguza kutu kuingia. Wapishi wengi wanaipenda. Kutu ya rangi ya machungwa au nyekundu, yenye unga ukiipitisha kidole, hiyo njo adui. Inakula chuma na kufanya mashimo madogo. Ikifika kwa makali, kisu kinakata kama msumeno uliochakaa.

Katika siku za kwanza, kisu kipya kinaweza kuachia kitunguu au tunda rangi ya kahawia na harufu kidogo ya chuma. Haiko sumu. Inapungua kadiri ngozi ile nyeusi inavyotokea. Watu wengine wanaogopa kwamba kutu inaleta pepopunda. Ugonjwa huo unatoka kwa vijidudu vinavyokaa katika udongo na mavi ya wanyama, si kwa kutu yenyewe. Hata hivyo kidonda chochote cha kisu kioshwe kwa maji safi na sabuni, na kama kimeingia ndani au kina uchafu, mtu aende kwa kituo cha afya kuulizia chanjo.

Matunzo ya kila siku

Matunzo yenyewe hayaombi feza. Yanaomba desturi.

Kwanza, weka kitambaa kikavu kando ya ubao. Kila ukikata kitu chenye maji au uchachu, pangusa kisu mbele ya kukiweka chini. Ni kazi ya sekunde mbili.

Pili, ukimaliza kupika osha kisu kwa mkono, kwa sabuni kidogo, na ukikaushe mara hiyo. Usikiache ndani ya beseni pamoja na sahani. Kinapata kutu, na zaidi ya hapo, mtu anayeingiza mkono katika maji ya povu anaweza kukatika vidole.

Tatu, kama hutakitumia kwa siku kadhaa, kipake mafuta kidogo. Huko Japani wanatumia mafuta ya mbegu za tsubaki. Mafuta ya kula yanaweza kusaidia kwa muda mfupi, lakini yakikaa sana yanakuwa na utando na harufu. Mafuta safi yasiyooza ambayo farmasi inauzisha kwa kunywa, yale ya parafini, ni mazuri zaidi kwa kisu kitakachokaa muda mrefu.

Nne, kifunge katika kitambaa kikavu au karatasi, mahali pasipo mvuke. Kifuko cha ngozi au cha plastiki kinafungia unyevu ndani.

Kutu nyekundu ikitokea, isugue mara hiyo kwa majivu laini au poda ya kusugulia sufuria na kizibo cha chupa, ukielekea upande mmoja, kisha osha na ukaushe. Kutu ya siku moja inatoka kwa dakika moja.

Kunoa: kazi ya jiwe, maji na subira

Visu hivi vinanolewa juu ya jiwe la maji. Mawe yako na namba. Namba ndogo, kama 400, inasugua sana na ni ya kuondoa mapengo. Namba 1000 njo ya kazi ya kawaida. Namba 3000 mpaka 6000 ni ya kulainisha. Mtu mwenye jiwe moja tu achague 1000.

Jiwe nyingi zinawekwa ndani ya maji dakika 10 au 15, mpaka mapovu yaishe. Liweke juu ya kitambaa chenye unyevu ili lisiteleze. Laza kisu juu ya jiwe, kisha inua mgongo wake. Kwa kisu chenye upana wa karibu milimita 48, digri 15 inapatikana mgongo ukiinuka milimita 12, karibu unene wa kidole kidogo. Shika pembe hiyo bila kuibadilisha, na usogeze kisu mbele na nyuma, vidole vya mkono wa pili vikikandamiza polepole karibu na makali. Anza kwa kisigino cha kisu, umalize kwa ncha.

Kuko alama inayoonyesha kwamba kazi imefika. Pitisha kidole kutoka mgongo kwenda nje ya makali, upande ule ambao haukugusa jiwe. Kamwe usikipitishe kufuata makali. Ukisikia kijiuzi cha chuma kinachokwaruza kutoka mwanzo mpaka mwisho, upande mmoja umeisha. Geuza, fanya vilevile upande wa pili. Mwisho, pitisha kisu kwa wepesi sana, mara moja huku mara moja kule, mpaka kijiuzi kile kianguke. Wengi wanaoshindwa kunoa wanashindwa hapo: wanageuza kisu kabla ya kijiuzi kutokea.

Jiwe nalo linachimbika katikati. Lazima lisawazishwe, la sivyo linaharibu umbo la makali.

Visu vya upande mmoja kama yanagiba vinanolewa kwa namna nyingine. Tena vingi vimefanywa kwa mtu wa mkono wa kuume. Anayetumia mkono wa kushoto lazima aagize chake, na bei inapanda.

Mambo manne yanayoua kisu hiki

La kwanza ni mifupa na vitu vilivyoganda. Gyuto ni ya nyama isiyo na mfupa. Kuku anapasuliwa kwenye viungo, na mfupa wa ng'ombe unabaki kazi ya panga au shoka la buchari.

La pili ni kukipinda pembeni, kwa mfano kufungua kopo, kupasua boga kwa kulizungusha, au kukomboza makali juu ya ubao kwa kukusanya mboga. Ukitaka kukusanya, geuza kisu utumie mgongo.

La tatu ni ubao mgumu. Kioo, sahani, mawe na sima vinakula makali kwa siku moja. Mti au plastiki laini njo inafaa.

La nne, ambalo watu wengi hawalijui, ni jiwe la umeme la gereji. Linanoa upesi, lakini linapasha makali moto. Ukiona chuma kimegeuka rangi ya buluu, joto limepita digri 290. Kumbuka kwamba mfuaji alikirudisha kwa moto usiozidi 200. Ugumu uliolipiwa umeondoka pale, na hautarudi kwa kunoa. Ndiyo sababu pia kisu hakipashwi kwenye moto wa makala ili kukata siagi au kuchoma manyoya.

Nani anakihitaji?

Mpishi wa kazi anayekata kilo nyingi za mboga na nyama kila siku anapata faida ya kweli. Kisu kikali kinaomba nguvu kidogo, kwa hiyo kiwiko na bega havichoki upesi. Tena hakitelezi juu ya ngozi ya nyanya na kuingia kidoleni, kama vile kisu butu kinavyofanya. Lakini katika jikoni ambamo kila mtu anachukua kisu kilicho karibu, kitaharibika wiki ya kwanza. Huko Japani kisu ni cha mpishi mwenyewe. Anakuja nacho, anarudi nacho.

Kwa nyumba ambamo watoto wanasaidia kukata na vyombo vinangoja mpaka asubuhi, kisu cha inoksi kilichonolewa vizuri ni bora. Kisu cha karboni kilicho butu kinashindwa na kisu cha bei ndogo kilicho kikali.

Kwa upande wa bei, gyuto rahisi ya karboni inaweza kupatikana kati ya dola 70 na 150. Ile iliyofuliwa kwa mkono na fundi inafika dola 200 mpaka 400. Zile zinazofuliwa kwa chuma kimoja kama panga, zinazoitwa honyaki, zinaweza kupita dola 1000. Juu ya bei hiyo uongeze jiwe. Anayenunua kisu bila jiwe amenunua nusu. Na anayetumiwa na ndugu aliye ng'ambo amkumbushe kwamba kisu kinasafiri katika mzigo wa chini ya ndege. Ndani ya mfuko wa mkono kitachukuliwa kwenye uwanja.

Na kisu cha resori?

Resori ya gari ni chuma chenye karboni, mara nyingi karibu asilimia 0.6. Ni chini ya ile ya Japani, lakini inatosha kukaza chuma kikitumbukizwa vizuri. Kwa karboni hiyo ya kati hakiwi kigumu sana, lakini hakipasuki upesi. Njo maana kinavumilia kazi ya shamba na mifupa midogo ambayo ingeharibu gyuto.

Kwa hiyo wamama na wababa wenye kisu cha fundi wa soko wako tayari na kisu cha karboni jikoni. Kinaomba matunzo yaleyale: kupanguswa, kukaushwa, mafuta kidogo, na jiwe la maji mahali pa jiwe la umeme. Kinanolewa kwa pembe pana zaidi, karibu digri 20. Mwenye kukosa jiwe anaweza kutumia ule mviringo usiong'aa ulio chini ya sahani au kikombe cha udongo mweupe, akakiamsha kisu kidogo mbele ya kupika.

Mtu anayetaka kujua kama atakiweza kisu cha Japani aanze na hicho cha resori. Akitunze mwezi mmoja bila kutu nyekundu, akinoe mwenyewe kila wiki. Akishinda, feza ya gyuto haitapotea. Akishindwa, hatakuwa amepoteza kitu, na atakuwa amejua kwamba inoksi njo kisu chake.